Hewa Kwenye Dizeli

Soko la Ggaba lilikuwa limefurika watu, na Rumaisa alikuwa akilia kwa hasira ndani ya pikapu ya kaka yake. Nyuma, sato walikuwa juu ya barafu inayoyeyuka. Kila alipogeuza ufunguo injini ilizunguka kwa nguvu, lakini haikuwaka.

"Usimalize betri, mama," sauti ikasema dirishani. "Betri haina kosa."

Alikuwa kijana mrefu, ovaroli ya buluu ameifunga kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu.

"Wewe ni fundi au mpita njia?"

"Vyote viwili. Piga tena, mi naangalia moshi."

Akapiga. Kijana akainama kwenye ekzosi, akatikisa kichwa. "Hata moshi hakuna. Dizeli haifiki."

Akafungua boneti, akalegeza skrubu juu ya chujio na kubonyeza pampu ndogo ya mkono. Likatoka povu. Akabonyeza mpaka dizeli ikatoka safi, akakaza. "Hewa inaingia kwa nati hii ya bomba. Gari likilala, dizeli inarudi tanki. Nimeikaza. Piga sasa."

Injini ikakohoa, ikanguruma. Rumaisa akacheka, mtandio wake wa zambarau ukamwangukia mabegani, na fundi akasahau kufunga boneti.

Aliitwa Heritier. Alifanya kazi Wandegeya, kwenye gereji ya mzee Kasim, karibu na migahawa ya wanafunzi ambako Rumaisa alipeleka samaki kila siku.

Baada ya hapo gari halikusumbua tena, na hilo ndilo lililomkosesha Rumaisa raha. Binti wa nyumba ya Kiislamu ya Old Kampala, ambaye babu wa babu yake alitoka Bagamoyo na misafara, angekwenda gereji kumtazama Mkongo Mkristo kwa kisingizio gani? Siku moja akachukua spana kubwa ya kaka yake na kuilegeza ile nati kidogo. Asubuhi akapiga simu.

"Heritier, gari limegoma."

"Tena? Gari hili linanipenda."

"Si gari peke yake."

Akasikia kicheko chake. "Nakuja, malkia. Usipige stata, utachosha betri."

Mara tano katika miezi miwili gari liligoma, na mara tano Heritier alifika mbio. Wakimaliza, walikaa nyuma ya pikapu wakila chapati ya mayai, naye akimfundisha kusema "nakupenda" kwa Kimashi, lugha ya kwao, na kumcheka matamshi.

Mara ya sita simu yake haikupatikana. Alikuwa Entebbe, chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Rumaisa alijaribu kutoa hewa mwenyewe, akaikaza skrubu kupita kiasi, ikakatika. Kufikia adhuhuri samaki walikuwa wameharibika. Kaka yake, Zaid, alikuja na fundi mwingine.

"Nati hii imelegezwa kwa spana," fundi akasema.

"Nani huligusa gari hili?" Zaid akauliza.

Rumaisa akatazama chini. "Heritier."

Alasiri hiyo Zaid alimtukana Heritier mbele ya gereji nzima: anaharibu magari ya watu ili aitwe kuyatengeneza. Mzee Kasim, akiogopa kukimbiwa na wateja, akamfukuza.

"Rumaisa, waambie sikuigusa," Heritier akasema kwenye simu.

"Nitawaambia, mpenzi. Leo hii."

Hakuwaambia siku hiyo wala kesho yake. Heritier alipiga tena mara mbili, kisha akaacha. Siku ya kumi ndipo Rumaisa aliposema yote, mbele ya mama yake.

Zaid alimtazama sana. "Kwa hiyo ulikuwa unamtaka?"

"Ndiyo."

"Basi nilifanya vyema kumfukuzisha."

Mama alijifunika uso kwa mtandio, akalia bila sauti.

Rumaisa alipanda bodaboda hadi gereji, akaelekezwa kituo cha malori, akamkuta Heritier huko, begi begani, akingoja kuondoka kwenda Juba.

"Heritier, ile nati..."

"Mi najua. Nilijua toka mara ya pili. Ilikuwa na makovu ya spana kubwa, na mi sina spana ile."

"Ukanyamaza?"

"Nilifurahi. Nilisema, huyu mwanamke ananiita."

"Nisamehe."

"Ya nati nilishasamehe. Lakini nilingoja siku tisa useme neno moja tu."

"Nimesema leo."

"Wakasemaje?"

Dereva akapiga honi. Heritier akaufungua mlango. "Twende. Tutaoana kule, kwa padri ao kwa shehe, sawasawa. Panda."

Rumaisa akashika chuma cha mlango, kilichopashwa na jua. Akainua mguu mmoja. "Mama yangu..." akasema, asiweze kumaliza.

Heritier alimbandua vidole kimoja kimoja, polepole, ili mlango ufungike.

Kabla ya Ramadhani Rumaisa aliposwa na mfanyabiashara wa Jinja, akakubali. Siku ya hina alikaa kwenye mkeka, mikono yote miwili imepakwa mpaka viwikoni, simu yake ikalia. Binamu yake, Farhana, akaiokota.

"Namba ya Sudan Kusini. Nipokee, nikuwekee sikioni?"

Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Mama alikuwa anamtazama.

"Iache," Rumaisa akasema.

Ililia mpaka ikakatika, na mpakaji hina akamwomba asitikise mkono.