Mshale wa Uzi wa Kijani

Marehemu alikuwa amelala chali kwenye matete ya bonde la Kinyerezi, amevaa suti nyeusi, tai, na viatu vya kwendea misani. Mshale ulikuwa umemwingia chini ya koo na kusimama pale pale.

Ilikuwa Jumapili, saa nne kasorobo asubuhi. Inspekta Sekela alichuchumaa, akautazama mshale kwa muda mrefu bila kuugusa.

"Nani huyu?"

"Leodegar, afande. Karani mstaafu, anakaa pale juu," Konstebo Anwar alijibu. "Ni mwanachama wa kikundi cha upinde. Wanawinda bata mzinga wa porini."

"Konstebo, nchi hii haina bata mzinga wa porini."

"Hapa wapo, afande."

Kweli walikuwapo. Miaka sita nyuma mfugaji mmoja alifariki, banda likavunjika, na bata mzinga wake wakaingia bondeni. Wakazaliana, wakajifunza kulala juu ya miti, wakasahau kabisa habari za pumba. Sasa walikuwa wajanja kuliko kanga, na watu saba wa mtaa ule waliwawinda kwa upinde peke yake. Bunduki hawakuitaka, mtego waliuona ni aibu. Walijivuna kwa hilo hata wakaudhi.

"Upinde wake uko wapi?" Sekela aliuliza.

"Hakuwa nao, afande. Tumepekua eneo lote la tukio."

Sekela aliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Mtu aliyekuja bondeni na suti, bila upinde, hakuja kuwinda. Alikuja kufanya nini?

Jibu alilipata kwa mjane, Bi Felicitas, aliyekuwa amekaa mkekani katikati ya majirani, macho yamevimba.

"Tulisali misa ya kwanza," alisema. "Kutoka tu, akaniambia tangulia, mie napitia bondeni kidogo. Alikuwa na kinyongo cha jana."

"Kinyongo na nani?"

"Badru. Walizozania bata. Mume wangu kazi yake ilikuwa kuita. Anajificha, analia kama bata dume, ndege wanakuja wenyewe. Badru akamwambia mlio wake haumdanganyi hata kifaranga. Leodegar hakulala vizuri! Asubuhi akasema anakwenda kuwaita, aone kama hawatakuja."

"Badru alimtishia?"

"Alisema atamwonyesha. Ila watu husema tu, dada yangu."

Kikundi kilikuwa na kibanda chake cha mabati ukingoni mwa bonde. Hapo Sekela alimkuta mwalimu wao, Mzee Mwinjuma, Mzaramo wa miaka sabini na mmoja, mgongo umenyooka kama kijana wa jeshi. Baba yake na babu yake waliwinda kanga hapo hapo kabla nyumba ya kwanza haijajengwa, na mzee hakumwacha mgeni aondoke bila kulijua hilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Sekela alimpa mshale, tayari umefungwa kwenye mfuko wa vielelezo. "Huu ni wa nani?"

Mzee aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya nailoni, pale uzi ulipofunga manyoya. Kidole kikasimama kidogo. Kisha akaurudisha haraka.

"Uzi wenyewe wa rangi gani?"

"Wa kijani."

"Kila mtu hapa ana rangi yake. Mie nyekundu. Kijani ni Badru." Akaelekeza kidole rafuni. "Nyuzi zote zimo kwenye kopo lile."

"Leo alikuwapo nani bondeni?"

"Sie tuna utaratibu. Ijumaa asubuhi Waislamu hatuingii, Jumapili Wakristo hawaingii. Kila mtu na ibada yake. Kwa hiyo leo tulikuwa mie na Badru tu, kila mmoja upande wake."

"Na sheria ya kufyatua?"

Hapo mzee alijinyoosha zaidi. "Huachii mshale mpaka umeona jicho la ndege. Nimewafundisha wote. Miaka arobaini na tano sijapiga kitu nisichokiona."

Saa saba Badru alikuwa mahabusu. Fundi wa majokofu, mikono mipana, hasira zake ziko karibu. Lakini siku ile hakuwa na hasira.

"Ulikuwa wapi saa mbili asubuhi?"

"Bondeni, afande. Upande wa bomba."

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Ulisema utamwonyesha Leodegar."

"Nilimaanisha nitapiga bata bila yeye kuita! Basi! Mie nimuue Mzee Leo? Yule ndiye kampa jina mtoto wangu!"

"Mshale una uzi wako."

Badru aliinamisha kichwa. "Hapo ndipo naposhindwa kuelewa. Mishale yangu ni sita. Sita yote iko nyumbani, kahesabuni."

Anwar alikwenda, akaikuta sita. Mkuu wa upelelezi hakutikisika. Mtu anaweza kutengeneza wa saba, alisema. Ugomvi upo, uzi upo, nafasi ilikuwapo. Kesi ya mauaji, kesho afikishwe mahakamani.

"Nipe mpaka kesho jioni, afande," Sekela alisema.

"Unatafuta nini?"

"Sijui bado."

Alisema kweli. Lakini Sekela hakuwa mtu wa kuburuzwa. Kwao Tukuyu mama yake alimfundisha kufuma vitambaa vya makochi kabla hajajua kusoma, na mpaka leo, akiwa na jambo zito, alifuma. Ofisini wenzake walimtania kwa hilo. Asubuhi ya Jumatatu aliweka lenzi juu ya ule mshale, na mikono yake ikaliona jambo kabla ya kichwa. Uzi ulikuwa umezungushwa kinyume.

Akamtoa Badru mahabusu, akampa kijiti, manyoya na uzi.

"Funga."

"Sasa hivi?"

"Kama unavyofungaga siku zote."

Badru alifunga. Uzi ukaenda kulia, mzunguko baada ya mzunguko, kama afanyavyo kila anayetumia mkono wa kulia. Sekela aliweka mishale miwili sambamba mezani na kuitazama mpaka chai yake ikapoa. Alimkumbuka mtu aliyepokea mfuko kwa mkono wa kushoto. Alikumbuka pia kwamba mtu huyo aliuliza rangi ya uzi uliokuwa mbele ya macho yake mchana kweupe.

Alitamani awe amekosea.

Mzee Mwinjuma alikuwa peke yake kibandani, upinde magotini. Sekela alimwamkia, akaketi kwenye kigogo, Anwar akasimama mlangoni.

"Mzee, naomba kuona mishale yako."

Mzee alionyesha podo ukutani. Ndani mlikuwa na mitano. Miwili ilikuwa na uzi mwekundu uliopauka. Mitatu mipya ilikuwa na uzi wa kijani kibichi, yote imezungushwa kwenda kushoto.

Sekela alichagua mmoja wa ile mipya, akauinua. "Huu una uzi wa rangi gani?"

Nje, mbali kwenye matete, bata dume alilia. Mzee aligeuza kichwa upande wa sauti, kisha akakiinamisha.

"Usinihangaishe, mwanangu," alisema. "Nimechoka. Macho yangu hayaoni."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Mtoto wa jicho. Naona ukungu, na vivuli ndani ya ukungu. Kwenye kopo natoa uzi kwa kukisia."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini?" Sauti ilipanda. "Mie Mwinjuma, mwana wa Mfaume, niseme sioni? Watu wanatoka Mbagala wanakuja kuniangalia nikipiga! Nikishaweka upinde chini, mie ni nani? Mzee wa kupelekwa msalani!"

Anwar alitaka kusema kitu. Sekela alimzuia kwa mkono, akamwonya mzee kisheria kwamba halazimiki kusema neno, na kwamba atakalosema litaandikwa.

"Andika," mzee alisema. "Nilimsikia bata. Karibu, hatua thelathini. Kitu cheusi kikatikisika kwenye matete. Ingekuwa zamu ya Leodegar ningesubiri, ningeita jina lake kwanza. Lakini ilikuwa Jumapili. Jumapili Leodegar yuko kanisani. Mlio ule Jumapili ni ndege."

"Ukaachia."

"Nikaachia bila kuona jicho. Nikasikia mtu anasema, 'Mama yangu.' Nikaenda nyumbani, si kwake. Hilo ndilo linaloniua."

"Daktari anasema hakukaa hata dakika mbili. Usingemwokoa."

"Ningemshika mkono."

Sekela aliandika hilo pia.

"Uliposema uzi wa kijani, nikashukuru Mungu, nikatamani kuamini si mie," mzee aliendelea. "Lakini kidole changu kilikuwa kimeshagusa ule mzunguko. Mkono wangu naujua hata gizani. Nikanyamaza. Siku nzima na usiku kucha nimenyamaza, Badru yuko ndani kwa ajili ya sifa zangu."

Alisimama, akautundika upinde ukutani, mahali pake, akapapasa msumari mpaka akaupata. Kisha akavuta kanzu, akaiweka sawa mabegani.

"Mwambie yule mjane," alisema. "Badru alikosea. Leodegar aliita vizuri kuliko bata mwenyewe. Alinidanganya mie, na mie sijawahi kudanganywa."

Walifika kituoni saa tisa. Badru alikuwa ndio kwanza ameachiwa, anafunga mkanda wake barazani, watu wa kikundi wamemzunguka. Habari ilikuwa imetangulia. Walipomwona mwalimu wao anashuka garini, hakuna aliyejua aangalie wapi.

Anwar alitaka kumshika kiwiko. Mzee akakitoa, kwa mazoea tu. Akapiga hatua mbili, mgongo umenyooka vile vile, akasimama chini ya ngazi za kituo. Ngazi nne, za saruji. Sekela alimwona anazitafuta kwa ncha ya kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akajisikia fahari kwa ajili ya mtuhumiwa, maana alijua mzee anataka kusema nini, na gharama yake.

"Badru yupo?" mzee aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Nipo, mwalimu."

"Nimekukosea, na hayo nitayasema ndani yaandikwe." Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule wa kuvuta upinde. "Sasa nishike, mwanangu. Sizioni ngazi."

Badru aliteremka, akamshika.