Jibu la Mzee Jattani

Kila asubuhi kabla ya shule, Asli alikamua mbuzi, kisha akamkagua mdogo wake Golicha kama bado ana meno yote. Golicha alikuwa na kifafa. Kikimshika, alianguka popote: chooni, njiani, hata katikati ya mbuzi, ambao walimtazama kidogo kisha wakaendelea kula.

"Jana nilianguka vipi?" Golicha aliuliza, mdomo umevimba.

"Kama gunia la mahindi," Asli alijibu, lakini hakucheka. Jana alimvuta kutoka motoni.

Siku hiyo baba yao, Mzee Jattani, mchuuzi wa ng'ombe, aliwapeleka kliniki mjini Isiolo.

"Habari, mzee. Mtoto anaendeleaje?" aliuliza Daktari Kinanu.

"Nagaa, daktari. Amani tu, alhamdulillahi."

"Dawa zinamsaidia?"

"Sana."

Mzee Jattani hakuwa mwongo. Kwa Waborana, ukiulizwa habari unajibu amani kwanza, hata kama fisi yuko zizini. Shida hutajwa baadaye, chai ikishanywewa. Sasa kliniki gani inapika chai? Daktari alishika kalamu aandike dawa zilezile, kama miaka yote.

Asli aliitazama ile kalamu. Kumpinga baba mbele ya mgeni! Akasema hata hivyo.

"Daktari, anaanguka karibu kila siku."

"Asli! Unaniaibisha?" Baba alifoka.

Golicha, yule mtani, alikunja mkono wa shati. Kidonda cha moto kilikuwa bado kibichi.

Daktari Kinanu aliweka kalamu chini. "Mzee, dawa za aina mbili zimeshindwa. Anafaa kwenda Nairobi apigwe picha ya ubongo. Watoto wengine hufanyiwa upasuaji wakaacha kuanguka. Siahidi kitu, lakini ningejua, ningemtuma zamani."

"Zamani lini?"

"Miaka miwili iliyopita."

Mzee Jattani alifumba macho. Alipoyafumbua, alianza kueleza kila kitu, tangu mwanzo, bila kuruka. Daktari alipiga simu Nairobi palepale, na Golicha akapewa nafasi mwezi ujao.

Nje, baba alimshika Asli begani.

"Nilidhani namkinga mwanangu na maneno mabaya," alisema. "Kumbe nilikuwa naukinga ugonjwa. Amani wape majirani, mwanangu. Daktari mpe ukweli, tena mapema."