Aliyebaki Kwenye Laini

Katika maongezi ya watu wawili, fundi wa simu alisikia pumzi za watatu. Alidhani spika zake za masikioni zimechakaa. Akazifuta na shati, akaendelea kusikiliza.

Umbea ndio uliokuwa ulevi wake. Kila simu aliyoitengeneza ilirudi kwa mwenyewe na programu ya siri ndani yake, na mazungumzo yote yakamfuata dukani mchana kweupe, huku mikono ikilehemu. Mkewe alinusa jambo, akamwonya. "Baba Mapacha, watu wanafungwa kwa hayo."

"Nani atajua?" Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku hiyo mwalimu mjane aliongea na dada yake, wakaagana, wakakata. Pumzi ikabaki.

"Baba Mapacha," ikanong'ona, "mimi pia napenda kusikiliza."

Ilikuwa sauti ya fundi mwenyewe. Akazing'oa spika, lakini sauti haikukoma, ikahamia kwenye simu zilizokuwa mezani, zilizopasuka na zisizo na betri, zote zikihema kwa pamoja huku harufu ya nywele zinazoungua ikijaa dukani, mpaka akatoka nje akitambaa.

Mganga aliyemkimbilia alikuwa mama mkavu asiye na mbwembwe. "Jini huyo hakukuita. Wewe ndiye uliyemfungulia. Kila simu uliyoichezea ni mlango, na mlango wake hufungwa kwa kukiri. Usibakishe hata mmoja."

"Nitafungwa, mama!"

"Basi kaa naye. Ataanza na wanao."

Hapo fundi akalia. Aliwapenda mapacha wake kuliko roho yake. Akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, akataja simu thelathini na nane, moja baada ya nyingine. Ya thelathini na tisa ilikuwa ya mkewe. Mkewe alikuwa amesimama palepale mlangoni, macho yamemvimba, na aibu ikamziba fundi mdomo. Moja tu, alijiambia, itadhuru nini?

Hakimu akampa miaka mitatu kwa kudukua mawasiliano ya watu. Gerezani simu ni marufuku, na fundi akalala usingizi wa mtoto mchanga.

Mwezi wa pili mkewe akaja kumtembelea, uso umenawiri.

"Mume wangu, bila simu zako za kila asubuhi ningechanganyikiwa."

Fundi akausogelea wavu uliowatenganisha. "Simu zipi?"

"Wee! Si tumeongea leo alfajiri?" Akashusha sauti ili askari asisikie. "Najua mnazificha, sitasema. Na yule rafiki yako uliyemtuma amefika. Nimemwachia mapacha ili nije kukuona. Wamempenda mara moja, wanamwita baba."

Fundi akaushika wavu kwa mikono miwili, akapiga kelele apewe simu, moja tu, apige nyumbani. Askari akamshika bega, akamwambia muda umekwisha.