Talaka ya Jukwaani

Kabla ya kila wimbo Alawi na mkewe Rehana huvuta pumzi pamoja. Ndivyo wanavyojua pa kuanzia, maana mpiga piano macho yake yako kwenye piano, hamwoni mwimbaji. Alasiri ile, wakifanya mazoezi katika ukumbi wa Shangani, pwani ya kusini, Alawi alivuta pumzi, akamsikia Rehana akivuta yake, kisha akasikia ya tatu. Ilikuwa nzito, ya kiume, na ilitoka kushoto kwake, palepale kwenye benchi alilokalia.

Aligeuka, hakuona mtu. Alipopapasa benchi upande ule, ubao ulikuwa umelowa.

"Umeisikia hiyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naisikia tangu mwezi uliopita," Rehana alijibu bila kumtazama. "Endelea kupiga."

Ni watu wa Mikindani hawa, na kazi yao ni ya ajabu kidogo. Huchukua nyimbo za kale za Ulaya, zile za sauti moja na piano, wakazitia maneno ya Kiswahili, wakaziunga ziwe kisa kimoja, kisha wakakiigiza wenyewe wawili tu. Kisa cha mwaka huu kilikuwa cha mwanamke anayepewa talaka ufukweni, akaingia majini akiimba kwamba yu huru na anayemtaka aje amwoe. Katika karatasi mwanamke huyo aliitwa Mwanaisha. Lakini siku ya kwanza walipokionyesha, kwenye hoteli moja ya Mnazi Bay, piano ikiwa juu ya mchanga na Rehana maji yakimfika vifundoni, Alawi alinogewa na usanii hadi akajisahau. Alisimama, akamnyooshea mkewe kidole, akasema, "Rehana, nimekuacha."

Watu walipiga makofi. Bi Tabu, shangazi yake Rehana, ambaye ndiye anayewashonea mavazi, hakupiga. Alimfuata Alawi nyuma ya pazia.

"Mwanangu, talaka haina mzaha. Umemtaja kwa jina lake. Mrejee sasa hivi. Sema nimekurejea, yaishe."

"Shangazi, ile ni sanaa," Alawi alisema huku akicheka.

Nyumbani Rehana alihamia chumba cha pili. Mara mbili alimwomba mumewe: ni neno moja tu, Alawi, lina uzito gani? Naye, kwa kiburi chake, alijibu kwamba akilitamka atakuwa amekubali kuwa jukwaa ni kadhi, na wasanii wenzake watamcheka mpaka Dar es Salaam. Mwezi wa pili Rehana hakuomba tena. Alawi alidhani ameshinda, maskini.

Hapo ndipo gauni la arusi la kuigizia lilipoanza kunuka udi na tope la mikoko, na lilinuka hata likitoka kufuliwa. Kisha ikawa piano ya nyumbani. Mchana kweupe, Alawi akiwa jikoni, zile sauti nzito za kushoto zilianza kulia, moja moja kwanza, kama mtu anayejifunza, halafu mbili mbili, halafu, wiki ile ya mazoezi, wimbo mzima wa mwisho, ule wa bibi arusi kupokewa na bahari, tena ukipigwa vizuri kuliko anavyoupiga yeye, na kila alipokimbilia sebuleni alimkuta Rehana amesimama kando ya piano, mkono juu ya ubao, akimtabasamia mtu ambaye Alawi hakumwona.

Baada ya ile pumzi ya tatu kiburi kilimwisha. Kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya onyesho, alimbembeleza Bi Tabu, wakaenda Mpapura kwa Fundi Mustafa. Walimkuta mganga anaanika korosho. Aliunusa mkono wa kushoto wa shati la Alawi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu ni jini wa mikoko ya ndomoni mwa Ruvuma," alisema taratibu. "Sina dawa ya kunfukuza, baba. Hakuvunja nlango wa ntu. Kasikia nke kaachwa, kansikia anaita nchumba, kaja kuposa. Tena ana adabu zake. Anangoja eda iishe."

"Nifanye nini, fundi?"

"Nrejee kwa kinywa chako, nke mwenyewe akusikie, kabla eda haijesha. Ikishakwisha, hata ulie damu, jibu ni lake."

Bi Tabu alikuwa akihesabu siku kwa vidole. Alipofika mwisho alishika kifua. "Ni leo," alinong'ona. "Twende, mwanangu, twende."

Walichukua bodaboda mbili, na njia nzima Alawi alipiga simu huku vumbi likimjaa kinywani, ikaita, ikaita, na ilipopokewa alipaza sauti, "Rehana, nimekurejea, nimekurejea," akasikiliza, na kilichomjibu ni noti moja nzito ya piano, iliyolia ndefu mpaka salio likaisha.

Walipofika, alasiri, ukumbi ulikuwa umeshajaa. Rehana alikuwa nyuma ya pazia na gauni lake, nywele zikichuruzika maji.

"Nimekurejea," Alawi alisema. "Umenisikia? Nimekurejea, mke wangu."

"Nimeoga josho adhuhuri," alijibu kwa upole, kama anayempa mtu pole ya msiba. "Eda imekwisha, Alawi. Nilikungoja miezi mitatu."

"Basi nikuoe upya. Shangazi yuko nje, tumwite baba yako."

"Nimeshaposwa." Machozi yalimtoka. "Nilichoka kuomba."

Pazia likafunguka. Piano ilianza kabla Alawi hajaifikia, vibao vikishuka na kupanda vyenyewe, na Rehana alivuta pumzi na yule mwingine, akaimba kama hajawahi kuimba, na Alawi alimshika mkono, ukamteleza kwa baridi na maji, akakimbilia mbele yake, akapiga magoti, akawageukia watu akilia kwa sauti, "Jamani nisaidieni, huu si mchezo, mke wangu anachukuliwa, mshikeni, nawaomba kwa jina la Mungu mshikeni," na watu wakasimama wote kwa makofi, wanawake wa mbele wakapiga vigelegele kama waliokuja arusini, Bi Tabu mlangoni akisukumwa na msongamano asipate pa kupenya, huku Rehana akishuka ngazi za jukwaa polepole na kutokea mlango wa nyuma, ule unaofungukia baharini.

Piano ilinyamaza. Alawi alibaki amelala kifudifudi jukwaani, analiita jina la mkewe.

Mtu mmoja wa safu ya mbele, mstaarabu, simu mkononi, alimsogelea akainama.

"Kaka," alimnong'oneza, "rudia hapo ulipolia. Sikuwahi kurekodi."