Mafuta Hayaruki Karatasi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, jairo ilikutwa imelala ubavu mwishoni mwa uwanja: kile kindege cha kujijengea nyumbani, chenye panga refu juu linalozungushwa na upepo tu. Panga lenyewe lilikuwa mita thelathini mbele, peke yake majanini. Mwalimu wa hesabu, aliyeijenga kwa miezi kumi na minne, alitolewa nyonga imevunjika, akirudia neno moja tu: "Nilifuata kitabu."

Kufikia saa nane mchana hakuna aliyemwamini. Kitabu cha maelekezo, ukurasa wa 41, kilisema panga lifungwe kwa boliti ya milimita nane. Kwenye mabaki ilikutwa ya sita. Saa kumi Mkaguzi wa ndege angetia sahihi ripoti: uzembe wa mjenzi, asirushe chochote maisha yake yote.

"Uzembe!" dada wa mwalimu alifoka, katikati ya karakana ya jairo, kando ya uwanja. "Mtu anayepima chumvi kwa kijiko cha dawa!" Yeye alikuwa mfunga vitabu kiwandani, na alikuja na aproni yake yenye gundi, hasira zimempanda hadi utosini.

"Pole, dada yangu," alisema Injinia. Jairo aliibuni yeye, na aliiuza vipandevipande katika masanduku manne, kila sanduku na kurasa zake. "Kakako ndiye wa kwanza kufikia sanduku la nne. Haraka haraka haina baraka."

"Usinitolee methali. Nipeni hicho kitabu."

Alikifungua kama anavyofungua vya kazini, kwa kidole gumba, karatasi moja moja. Ukurasa wa 37 ulikuwa na doa la mafuta ya mashine. Wa 39, doa lilelile, dogo kidogo. Wa 43, dogo zaidi. Akarudi nyuma. Karatasi ya 41 ilikuwa nyeupe pe.

"Mzee," alimwambia Mkaguzi, "tangu lini mafuta yakaruka karatasi?"

Mkaguzi alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. "Nani alikishika baada ya ajali?"

Mlinzi wa uwanja alikuwa ameshasema: saa tatu kamili alimwona fundi wa kuchomelea akitoka nacho karakana. Dada akamgeukia fundi.

"Mabomba ya jairo yake ulimkatia wewe. Unaficha nini?"

"Mimi? Hata printa sijui kuiwasha!" Fundi aliinamisha kichwa. "Niliagizwa. Injinia alikitaka ofisini. Akakaa nacho nusu saa."

"Nilikuwa nakisoma!" Injinia alisema. "Na karatasi haivunji nyonga. Boliti aliyofunga ni ya sita, mmeiona wenyewe."

Hapo dada aliyageukia mabaki. Boliti ilikuwa ya sita kweli, na bamba la kushikia panga, boliti inamopita, lilikuwa limechanika hata tundu halipimiki.

"Fundi," aliuliza polepole, "matundu ya bamba hutobolewa na nani?"

"Sisi, hapahapa. Mjenzi haruhusiwi kuyagusa."

"Kuna sanduku la nne jingine?"

"Hilo lina mteja!" Injinia alidakia. Fundi alinyoosha kidole kwenye turubai la kona.

Mkaguzi aliinua turubai, akakata utepe wa sanduku. Ndani mlikuwa na bamba jipya. Aliijaribu boliti ya nane tunduni, ikagoma. Chini kabisa akakuta kurasa zake. Akausoma wa 41 kwa sauti: "Boliti ya milimita sita."

"Nilikwambia tangu majaribio kwamba inapinda," fundi alimwambia Injinia.

Injinia aliketi. "Ya nane inataka bamba nene. Uzito ungezidi, jairo ingetoka kwenye daraja la wajenzi wa nyumbani. Miaka sita ya michoro! Ningebadilisha tu…"

"Ulibadilisha karatasi!" dada alipiga kelele. "Ulijua, ukamwacha apande! Halafu saa tano unampelekea matunda hospitalini, unamwambia ajifunze kutulia! Huna haya wewe?"

Mkaguzi aliichana ripoti, akaita polisi. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Dada alimpigia kaka yake, akamweleza yote.

Mwalimu akasema, "Sanduku jingine la nne lisitoke hapo."

"Halitoki, kaka," alijibu. "Nimelikalia."