Kibati cha Isela

Jumamosi hiyo soko la wasanii lilifurika, na Isela, aliyekuja kutoka Tucson kuuza hereni zake, akamkanyaga mtu kwenye ngazi.

"Dada, mguu huo bado nautumia," alisema Anselmo.

"Samahani. Nikuazime wangu?"

"Nipe na mwenyewe kabisa!"

Basi mapenzi yakaanza. Anselmo, mjukuu wa wachimba shaba, ndiye aliyetunza jengo la mgodi wa zamani, siku hizi ukumbi wa sanaa. Ubao wa misumari ulibaki ukutani: zamani mchimbaji akishuka alitundika kibati chake cha shaba chenye namba, akitoka alikichukua, ijulikane nani bado yumo chini. Anselmo akamtengenezea Isela chake. Kila Jumamosi alifika na gauni lake jekundu, akakitundika. Jumapili akikitungua, Anselmo hununa.

"Kiache, laazizi."

"Nikikiacha?"

"Nitajua bado umo, nasubiri."

Kibati kimoja cha kale kilikuwepo bado ubaoni, kimeota kutu ya kijani. Isela alidhani kimesahauliwa. Siku ya kuzaliwa ya Anselmo, Isela alikichukua, akakisugua kikang'aa, akamvisha shingoni mezani kwa Bibi Refugio, bibi yake Anselmo.

Bibi aliweka kijiko chini. "Kumbe Eleuterio ametoka?"

Anselmo akapauka. Mgodi ulimfukia babu yake, Eleuterio, maiti haikuonekana, na hakuna mwenyeji aliyethubutu kukigusa kibati kile. Kilipokuwa ukutani, kwa Bibi mume alikuwa kazini tu. Jioni hiyo Bibi alivaa gauni la buluu, akapasha maharage, akakaa mlangoni akimsubiri mumewe hadi baridi ikamwingia kifuani. Wiki haikuisha, wakamzika.

Isela alipiga simu mpaka akakata tamaa. Siku moja ikapokelewa.

"Anselmo, nitukane basi, lakini sema kitu! Sikujua!"

"Ungejuaje? Mimi ndiye sikukwambia. Tulicheza na vibati, la maana nikalinyamazia."

"Nisamehe, tuanze upya."

"Nimeshakusamehe, mpenzi. Njoo Jumamosi."

Akaja na gauni jekundu, moyo umejaa matumaini. Anselmo alisimama mbele ya ubao. Cha babu walikizika na Bibi. Kilichobaki ni cha Isela, alichokiacha siku ile kwa kuchanganyikiwa. Anselmo akakitungua, akamwekea kiganjani, akamkunja vidole.

"Kila nikikutazama namwona Bibi mlangoni. Siwezi, Isela. Umetoka salama, laazizi. Nenda nyumbani."

"Mimi sikutaka kutoka," alisema Isela akilia.

Anselmo naye alikuwa akilia, lakini hakumwita alipokuwa akishuka ngazi.