Kibati Namba Saba

Jumamosi ile duka la rangi lilijaa watu mpaka mlangoni. Kila mtu ananyoosha mkono, kila mtu anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Katikati ya msukumano huo alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi likanyooka, ila kwenye kola lina doa la rangi ya asali. Alikuwa akimwomba muuzaji kitu cha kulitoa.

"Kaka, usijisumbue," sauti ikasema ubavuni mwake. "Hilo halitoki kwa petroli wala kwa sabuni."

Akageuka. Msichana wa gauni la bluu, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, ameshika brashi tatu kama ameshika maua.

"Dada, umejuaje?"

"Nimeipika mwenyewe."

Na kweli aliipika. Alifanya kazi kwenye maabara inayojaribu dawa za kuzuia kutu kwenye ndege kubwa za jeshi, zile za kubeba askari na mizigo. Kijana naye alikuwa fundi wa ndege hizo hizo. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi chini ya sakafu ya ndege na kupuliza dawa kwenye pembe ambazo jua halijawahi kuziona. Mwaka mzima alikuwa akivaa mapishi ya binti huyu, asimjue mpishi.

"Kumbe ni wewe unayenichafua," akasema. "Mama kila wiki ananiuliza nimekumbatiwa na nani."

"Mwambie umekumbatiwa na ndege."

"Nikimwambia hivyo ataanza kuniombea."

Binti akacheka, akaziba mdomo kwa brashi. Kijana akaona bora asiache kicheko kile kipoe.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mwizi wangu hana mikono, anakula chuma akiwa amelala."

"Kutu. Hicho ni cha watoto. Chukua changu: nguo yangu haishonwi, humwagwa."

Kijana akafikiri mpaka zamu yake ikapita, watu wakampita kulia na kushoto. "Nimeshindwa. Nikupe mji?"

"Mji nitaupeleka wapi? Nipe namba ya simu. Jibu ni dawa, hiyo iliyo kwenye kola yako."

Basi wakapendana. Kila adhuhuri simu ililia. "Mpishi wangu, umekula?" "Nimekula, Fundi. Wewe umetoka tumboni mwa ndege?" "Nimetoka, lakini nusu yangu imebaki huko." Vichekesho vya wapendanao, ukivisikia kutoka pembeni unavihurumia.

Ndipo yakaja majaribio. Vibati kumi vya chuma cha ndege, kila kimoja kimepakwa dawa yake, vilifungwa kwa skrubu chini ya sakafu ya ndege moja, mahali panapotuama unyevu. Miezi sita. Mwiko ulikuwa mmoja tu: visiguswe. Dawa tisa zilitungwa na wakubwa. Ya saba aliitunga binti mwenyewe.

"Ikishindwa hii, Fundi, watanicheka mpaka nihame," alimwambia kwenye simu. "Wanasema mimi ni wa kuosha chupa tu."

"Nani atakucheka nikiwa hai?"

Mwezi wa tano fundi aliifungua sakafu ile kwa kazi nyingine. Akamulika tochi. Kutu ya ndege si nyekundu kama ya jembe, ni nyeupe, kama unga uliomwagika. Unga huo ulikuwa umetambaa kwenye ukingo wa kibati namba saba. Vingine vilikuwa safi. Akalisikia lile neno, kuosha chupa. Akatoa kitambaa akafuta, akapuliza dawa aliyokuwa nayo mkononi, ile ya zamani, rangi zinafanana. Akatoka tumboni mwa ndege anapiga mluzi, kama mtu aliyemnunulia mpenzi wake zawadi.

Mwezi mmoja baadaye simu ikalia.

"Fundi, imeshinda. Jumatatu wanatia saini, ipulizwe kwenye ndege zote. Unanisikia?"

"Zote?"

"Zote, mpenzi."

"Hongera," akasema. "Msimamizi ananiita." Akakata.

Kuanzia hapo hakupokea simu. Binti alipiga asubuhi, akapiga mchana, akajiambia basi, kapata mwingine. Hakujua kwamba mwenzake anawaza sakafu za ndege tu. Fundi aliwahi kubonyeza bisibisi kwenye chuma kilicholiwa na unga ule, ikazama kama kwenye mkate. Juu ya sakafu zile hukaa askari sitini, wana wa watu, wamefunga mikanda.

Jumatatu asubuhi na mapema, kabla ya saini, alisimama mbele ya mkuu wa maabara, mama wa miwani minene asiyependa maneno mengi. Kofia mkononi, akasema yote. Binti akaitwa.

"Mwanangu, umechezewa," mkuu akamwambia. "Huyu alikipaka kibati chako."

"Yeye hakujua kitu, mama," fundi akasema huku anaangalia viatu vyake. "Ni mimi peke yangu."

Hapo ndipo binti alipopaswa kusema. Maana vibati hupimwa uzito vikienda na vikirudi, na namba saba ilirudi imenenepa. Aliipima mara tatu. Chuma kisicho na kutu hakinenepi chenyewe, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote jengo zima. Lakini kwenye karatasi ya uzito aliuruka mstari wa saba, akaambatisha picha nzuri tu. Alifungua mdomo. Mkuu akamshika bega, akasema pole. Binti akaipokea ile pole.

Fundi akahamishiwa uwanjani, kukwangua rangi kuukuu juani. Binti akabaki na meza yake na huruma za watu. Fundi akaamini amechukiwa. Binti kila akichukua simu ampigie, uso unawaka moto, anairudisha mezani. Wiki tatu zikapita hivyo.

Kisha mama yake binti akampigia simu.

"Kuna mgeni hapa," mama akasema kwa sauti ya chini. "Shangazi wa kijana mmoja. Ameleta posa, na kabla hata hajakaa ameniambia kijana wake alikuharibia kazi, na hana la kujitetea ila anakupenda. Mimi ningekuwa nimeshamwonyesha mlango. Nikaona nikuulize."

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, hapana, na aibu yote ingeondoka na yule shangazi.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kile kibati kimeguswa. Nikaficha."

"Kijana anajua kwamba ulijua?"

"Hajui."

"Na bosi wako?"

"Hajui."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Basi mimi simjibu mtu. Kamalizane na hao wawili kwanza. Mgeni nitakaa naye."

Binti akaenda kwa mkuu, akasema akiwa amesimama. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ningejua mapema ningekufukuza. Sasa umekuja mwenyewe. Acha funguo za mizani. Kesho utaanza kwenye chupa."

Akavuka uwanja kwa miguu. Fundi alikuwa juu ya ngazi, kope zimejaa vumbi la rangi. Alipomwona akashuka taratibu, kama mtu anayeitwa mahakamani.

"Kibati kilirudi kizito," binti akasema. "Nilijua kabla hujaja. Nikakuacha ubebe peke yako."

Fundi akakaa kwenye kipandio cha chini. "Wiki tatu nzima?"

"Wiki tatu."

"Nami silali, najiona mwizi wa dunia." Akageuza uso. "Mbona hukusema, Mpishi?"

"Niliona haya. Halafu nikaonewa huruma, nikanogewa."

Fundi hakucheka. Akakwangua rangi kwenye kucha zake.

"Mimi nilidhani nakusaidia," akasema mwishowe. "Kumbe kila mmoja alikuwa anaficha kitu kile kile upande wake. Shangazi yangu bado yuko kwenu?"

"Yuko."

"Piga."

Binti akapiga. "Mama, nimemaliza na wote wawili. Mkuu amenirudisha kwenye chupa."

"Na huyo?"

Fundi akanyoosha mkono, akapewa simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe uliyajua haya?"

"Nimeyajua sasa hivi."

"Na bado unamtaka?"

Fundi akamtazama. Binti alikuwa anaangalia chini, machozi yanadondokea kwenye koti jeupe la maabara ambalo kesho halitakuwa lake.

"Bado, mama. Kama na yeye bado ananitaka mimi."

Binti akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba mama yake hamwoni. "Namtaka," akasema karibu na simu, kwa sauti nyembamba.

Halafu wakamsikia mama anaongea na mtu aliye karibu naye.

"Shangazi, hapo barazani kuna jua. Sogeza kiti uje ndani, tuzungumze."